Gobore la Babu: Namna ya Kulikagua, Kulitambua na Kulitunza

Ukikuta gobore juu ya dari la marehemu babu, hapa Bujonde wilayani Kyela au kijiji chochote kando ya Ziwa Nyasa, lichukulie kuwa limeshindiliwa. Usijipe moyo kwamba halijalia tangu enzi za Mjerumani. Baruti nyeusi haichachi. Ikikaa kavu ndani ya mtutu, imezibwa kwa risasi na tambara, hata baada ya miaka mia inaweza kuwaka.

Kwa hiyo kabla ya kupangusa vumbi, watoe watoto nje. Mdomo wa mtutu uelekee kwenye tuta la udongo, mahali ambapo mtu hapiti. Kisha tazama kifa, ile chuchu ya chuma inayopigwa na nyundo. Kikikaa juu yake kikopo kidogo cha shaba, hata kama kimeshika kutu ya kijani, hiyo ni fataki. Usiibandue kwa kisu na usiinue nyundo. Funga mlango, umwite polisi kata.

Kama kifa ni kitupu, chukua ufito mwembamba wa mwanzi, usiwe wa chuma. Simama pembeni, uuingize taratibu mtutuni mpaka ugote, halafu uweke alama pale unapotokea mdomoni. Utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa mdomoni. Mtutu mtupu utaupeleka ufito mpaka karibu na kifa. Ukiishia vidole vitatu au vinne kabla ya hapo, kuna kitu ndani: huenda ni baruti na risasi, huenda ni kiota cha nyigu. Usijaribu kukijua kwa kuchokoa. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kibali akiwa pamoja na polisi.

Suala la sheria lisingoje. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kumiliki silaha bila kibali ni kosa, na kusema "ni ya urithi" hakukuondolei kosa hilo. Mwenye kibali akifariki, kibali hakirithiwi pamoja na shamba la kakao. Silaha hupelekwa polisi, na anayetaka kuibakiza huomba upya, akianzia kijijini na kwenye kata kabla ya kufika wilayani. Usilifunge gobore kwenye kanga ukapanda nalo bodaboda kwenda Kyela mjini. Mjulishe mtendaji kwanza, kisha polisi waje au wakuelekeze. Jeshi la Polisi hutangaza pia vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na hicho ndicho kipindi chepesi kwa familia iliyokaa kimya miaka mingi. Na kama umeanza kupenda kukusanya vitu vya kale, usinunue gobore ng'ambo ya Mto Songwe ukavuka nalo mpaka wa Kasumulu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 nayo inalinda vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nchini kunahitaji ruhusa.

Mtutu ukishathibitika mtupu, na polisi wakiwa na habari, ndipo utamu unapoanza: kulijua gobore lenyewe.

Anza na bamba la mtambo, lile lililobeba nyundo. Mengi yameandikwa TOWER chini ya taji. Watu husoma neno hilo wakadhani wameshika bunduki ya jeshi la Malkia Victoria. Punguza furaha kidogo, maana viwanda vya Birmingham na vya Liège, Ubelgiji, viliuza Afrika bunduki nyingi za biashara zenye maandishi hayohayo. Mhuri wa majaribio, uliopigwa kwenye mtutu karibu na kifa, unaaminika zaidi. Duara la yai lenye herufi ELG na nyota ni la Liège. Likiwa na taji juu yake, mtutu ulijaribiwa baada ya 1893. Bunduki ya kijeshi ya Enfield ya mwaka 1853 ina tundu la milimita 14.7 hivi, mtutu wa takriban sentimita 99, na ndani yake mifereji mitatu inayozunguka. Imulike kwa tochi. Tundu laini kabisa maana yake ni gobore la kawaida la biashara, na hilo halilipunguzii thamani machoni pangu.

Mtutu wa bomba la maji, uliochomelewa na usio na mhuri wowote, ni kazi ya kienyeji ya karibuni. Hilo wakabidhi polisi. La namna hiyo huwang'oa watu vidole na macho, na haliwezi kuwa pambo la nyumba.

Baada ya mihuri, nenda kwa wazee. Bunduki hizi hazikufika ukanda wetu kwa bahati. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Miaka hiyohiyo, 1887 hadi 1889, Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa, alipigana na kampuni ya Kiingereza ya African Lakes kule Karonga. Wangonde walioshambuliwa walikimbilia kwa ndugu zao wa upande huu wa Songwe. Lugard, ofisa Mwingereza, alijeruhiwa vibaya pale Juni 1888, na Mlozi alinyongwa Desemba 1895. Katikati ya hayo, Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 uliruhusu Waafrika wauziwe bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa jiwe, zenye tundu laini tu. Lenye fataki na mifereji basi huenda liliingia kabla ya hapo, au kwa kibali, au kwa magendo.

Ukimwendea mzee, baada ya salamu ya "mugonile" na mazungumzo ya mvua na mpunga, usimuulize mwaka. Muulize kama gobore lilikuja kabla ya boma la Langenburg pale mashariki ya Matema, au baada ya Wajerumani kuhamia Tukuyu. Muulize lilipitia Mwaya au Karonga, nani alilibeba, lililia kwenye msiba wa nani. Andika jina la msimulizi na siku uliyoandika. Misumari ya shaba kwenye kitako, waya uliofungwa penye ufa, ngozi iliyoshonwa kushika mtutu: usiving'oe. Piga picha kila kimoja. Gobore lisilo na habari hizi ni chuma na ubao tu, na makumbusho, iwe ya Karonga au ya Songea, yatakuuliza hayo kwanza.

Utunzaji wa Kyela una adui mmoja mkubwa, unyevu. Mvua yetu haina mfano nchini, na Aprili hata kufuli hushika kutu usiku mmoja. Usitumie msasa wala soda kuling'arisha. Rangi ya kahawia ya mtutu ni sehemu ya umri wake, na msasa hufuta mihuri. Kutu inayodondoka itoe kwa tambara lenye mafuta ya cherehani, usugue polepole, urudie kila baada ya siku chache. Mawese tunayo tele, lakini usiyapake: yana asidi, huganda, na yakigusa shaba huzaa ukijani. Kitako kipake nta ya nyuki kidogo. Usiliegemeze ukutani kwenye saruji wala kulifunga ndani ya nailoni, kwa sababu hapo linatoka jasho. Juu ya moshi wa jiko napo si pazuri, ubao hupasuka. Mahali pake ni kabati kavu lenye kufuli, na mtutu ukielekea chini ili mafuta yasizame kwenye ubao wa mtambo.

Swali la kulipiga huja lazima. Jibu langu ni hapana. Chuma kilicholiwa na kutu karibu na kifa hakionekani kwa nje, na mtutu ukipasuka hupasukia usoni. Anayependa mchezo huu atumie bunduki mpya iliyotengenezwa kwa umbo la zamani, kama za Pedersoli wa Italia, katika klabu yenye kibali. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wana nafasi hiyo; MLAIC, chama cha kimataifa cha bunduki za kushindilia kilichoundwa 1971, huandaa mashindano ya dunia.

Kwenye uwanja wa klabu, kiasi cha baruti hupimwa kwenye kikombe chake, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya baruti, maana cheche iliyobaki mtutuni itawasha pembe nzima mkononi. Ni baruti nyeusi pekee. Baruti ya risasi za kisasa hupasua mtutu. Risasi ishindiliwe kwa mdeki mpaka ikae juu ya baruti bila nafasi, na alama kwenye mdeki ikuthibitishie. Fataki huwekwa mwisho, ukiwa umeshaelekea shabaha. Ikilia bila bunduki kulia, usiishushe: subiri dakika nzima, mdomo ukiwa palepale. Jioni hiyohiyo osha mtutu kwa maji ya moto, kwa kuwa masizi yake ni ya chumvi na mafuta ya taa hayayayeyushi. Kausha, kisha upake mafuta.