Somo: Jioni ya Mtoto Mdogo Baina ya Kazi, Jiko na Usingizi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, familia nyingi zilizohamia Uingereza zina suala hili: mume na mke wote wanafanya kazi, wanarejea jioni pamoja na mtoto wa miaka 2, na katika muda mfupi hutakiwa chakula kiive, mtoto aoge, ale na alale, na Sala isipite wakati wake. Nani aubebe mzigo huo?

Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja miaka miwili ya kunyonyesha, akamwajibisha baba chakula na nguo za mama kwa wema, kisha akalifungamanisha jambo la kumwachisha mtoto ziwa na kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Ikiwa kuachisha ziwa, nalo ni jambo la mwili wa mama, kumetakiwa shauri la wote wawili, basi saa ya kulala na kazi ya jikoni zina haki zaidi ya kushauriwa.

Ama kupika, wanavyuoni wamekhitalifiana: ni wajibu wa mke, au ni ihsani yake na ada ya watu? Lakini mume aifanyaye khitilafu hiyo kuwa hoja ya kukaa kitini, na hali mkewe amerudi kazini saa ile ile aliyorudi yeye, hakuifuata sera ya Mtume (S.A.W.). Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa juu ya mwenendo wake nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na Sala ikifika hutoka kwenda kusali. Mizozo inayofikishwa kwa makadhi mara nyingi haikuanza na jambo kubwa. Ilianza na sahani zisizooshwa na mtoto aliaye.

Taabu kubwa zaidi ni ya wakati. Unguja jua huchwa karibu saa ile ile mwaka mzima, na watoto wamezoeshwa kula na kulala baada ya Magharibi. London, mwishoni mwa Juni, jua huchwa baada ya saa 3 usiku, na mwishoni mwa Desemba kabla ya saa 10 jioni. Basi mzazi anayemweka mtoto macho kungojea Magharibi ya Juni anafuata ada ya kwao, wala si amri ya Sharia, kwani mtoto huamrishwa Sala afikapo miaka 7. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, limetaja saa 11 hadi 14 za usingizi kwa mtoto wa miaka 1 hadi 2, pamoja na usingizi wa mchana. Anayelala saa 4 usiku na kuamshwa saa 12 na nusu asubuhi amepata saa 8 na nusu tu. Hata akilala saa moja na nusu mchana, hajatimiza.

Kwa hiyo mtoto atangulizwe. Chungu kimoja cha kunde au mchuzi kipikwe siku ya mapumziko na kugawanywa kwa siku kadhaa katika jokofu, na fungu la mtoto litolewe kabla ya kutiwa chumvi na pilipili. Mmoja akiwa jikoni, mwingine amwogeshe. Na asiyetaka kutoka jikoni apewe mwiko na bakuli tupu, mbali na moto.

Na ajihadhari mzazi anayejinyoosha kando ya mtoto ili kumbembeleza, akashikwa na usingizi kabla ya Isha. Mtume (S.A.W.) alikuchukia kulala kabla yake. Ni bora akae kitako, amsomee mtoto Suratul Ikhlas na sura mbili za kinga, kwani Mtume (S.A.W.) naye akiwaombea kinga wajukuu zake Hasan na Husein. Kazi hiyo baba aiweza sawasawa na mama, na mama naye akapata kula chakula chake kingali moto.