Alama Wastani ya Shule: Inasema Nini, Inaficha Nini

Kila matokeo ya mtihani wa kitaifa yanapotangazwa, mazungumzo ya Ogembo huwa yale yale, iwe sokoni, kwenye steji ya matatu au kwenye foleni ya kupima majani chai: shule gani imepata ngapi? Baada ya wiki chache, baadhi ya wazazi huwa wamehamisha watoto, wengine wamekopa karo ya shule ya mbali, na mwalimu mkuu mmoja au wawili wameitwa kujieleza mbele ya wazazi. Maamuzi haya yote huegemea nambari moja, yaani alama wastani.

Makala haya ni somo fupi kwa wazazi, wanachama wa bodi za usimamizi na yeyote anayelipa karo. Yanaeleza jinsi nambari hiyo inavyopatikana, mambo inayoyaficha, na yale ambayo utafiti umeonyesha kuwa huinua kiwango cha masomo. Chukua kalamu na karatasi, hesabu ni za kujumlisha na kugawanya tu.

1. Alama wastani hupatikanaje?

Katika KCSE, kila gredi ina pointi zake. A ni pointi 12, A- ni 11, na hivyo hivyo kushuka hadi E ambayo ni pointi 1. C+, kiwango cha chini cha kujiunga na masomo ya digrii chuoni, ni pointi 7. Tangu mwaka wa 2023, gredi ya jumla ya mtahiniwa hutokana na masomo saba: Hisabati, lugha moja (Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya), na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi.

Ili kupata alama wastani ya shule, jumlisha pointi za gredi za watahiniwa wote, kisha ugawanye kwa idadi yao. Shule yenye watahiniwa 100 waliopata jumla ya pointi 480 ina wastani wa 4.8, yaani karibu C-.

Hesabu yenyewe ni sahihi. Makosa huja tunapoitumia kujibu swali ambalo haikuundwa kulijibu. Wastani unaonyesha watoto walifika wapi. Hauonyeshi walianzia wapi, wala ni wangapi walioachwa njiani.

2. Walianzia wapi?

Tuchukue shule tatu za kubuni: Mlimani, Bondeni na Kambini. Watahiniwa wa KCSE wa mwaka wa 2026 walifanya KCPE mwaka wa 2022, na wale wa 2027, ambao ndio wa mwisho katika mfumo wa 8-4-4, waliifanya mwaka wa 2023. Kwa hivyo alama zao za kuingilia kidato cha kwanza bado zimo katika rekodi za shule. Alama hizo, zilizohesabiwa kwa 500, zinaweza kugeuzwa kuwa pointi: gawanya kwa 500, kisha uzidishe kwa 12.

Mlimani: wastani wa kuingia 375, sawa na pointi 9.0. Wastani wa KCSE ni 7.2. Tofauti ni pungufu ya 1.8.

Bondeni: wastani wa kuingia 225, sawa na pointi 5.4. Wastani wa KCSE ni 4.8. Tofauti ni pungufu ya 0.6.

Kambini: wastani wa kuingia 225, sawa na pointi 5.4. Wastani wa KCSE ni 3.9. Tofauti ni pungufu ya 1.5.

Usishtuke kuona zote tatu zimeshuka. Mitihani hii miwili haikupimwa kwa mizani moja, na anayeanzia juu ana nafasi kubwa zaidi ya kushuka. Ndiyo maana ulinganisho wa haki ni kati ya shule zilizopokea watoto wa kiwango kinachokaribiana. Hapa ni Bondeni na Kambini. Zilipokea watoto wa kiwango kimoja, lakini Bondeni imewafikisha mbele kwa pointi 0.9, karibu gredi nzima kwa kila mtoto. Tofauti hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa, kwa sababu haiwezi kuelezwa kwa alama za kuingilia. Walimu wa Bondeni wanafanya nini ambacho Kambini hakifanyiki?

Sokoni, hata hivyo, atakayesifiwa ni Mlimani peke yake. Na mzazi wa Bondeni anaweza kumtoa mtoto katika shule inayomfaa kwa sababu tu ameona 4.8 kwenye orodha iliyotumwa kwa simu. Serikali ilikomesha kupanga shule kwa nafasi mwaka wa 2014, Prof. Jacob Kaimenyi alipokuwa Waziri wa Elimu, lakini orodha za mitaani hazijakoma.

3. Nani hakuhesabiwa?

Turudi kwa shule ile yenye watahiniwa 100 na pointi 480. Tuseme wanafunzi 20 walio dhaifu zaidi, ambao kila mmoja angepata pointi 2, wanashauriwa wakafanyie mtihani kwingine, au wanaambiwa warudie kidato. Watakaobaki ni 80, na pointi zitakazobaki ni 440. Gawanya 440 kwa 80, unapata 5.5.

Wastani umepanda kutoka 4.8 hadi 5.5. Hakuna mwalimu aliyefundisha vizuri zaidi, wala mtoto aliyejua jambo jipya. Kilichobadilika ni kwamba watoto 20 wameondolewa kwenye hesabu, na wengi wa aina yao huishia kuacha shule kabisa.

Mzazi ajue kwamba sheria iko upande wa mtoto. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 kinasema mwanafunzi aliyesajiliwa hatazuiliwa darasa wala kufukuzwa shuleni. Kuhusu kufukuzwa, nafasi iliyoachwa ni ya utaratibu wa nidhamu uliowekwa kwa kanuni. Alama duni si kosa la nidhamu.

Kwa hivyo unapoambiwa wastani wa shule umepanda, uliza kwanza: wanafunzi wangapi walikuwa kidato cha tatu, na wangapi wamefanya mtihani mwaka uliofuata?

4. Je, mtihani ulikuwa uleule?

Mwaka wa 2015, zaidi ya watahiniwa 2,600 walipata A katika KCSE nchini kote. Mwaka uliofuata waliopata A walikuwa 141. Waliopata C+ na zaidi walishuka kutoka watahiniwa 169,492 hadi 88,929. Watoto wa Kenya hawakupoteza akili kwa miezi kumi na miwili. Mwaka wa 2015 ulikuwa na wizi mwingi wa mitihani, na mwaka wa 2016, chini ya Waziri Fred Matiang'i, usimamizi na usahihishaji ulibadilishwa. Aliyelinganisha shule yake ya 2015 na ya 2016 bila kujua hayo aliwalaumu walimu bure.

5. Mfumo mpya unapimaje?

Wanafunzi wa elimu ya umilisi hawapewi nafasi wala alama moja ya kuwapanga. KNEC hutumia viwango vinne: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na chini ya matarajio. Kwenye karatasi ya matokeo utaona herufi EE, ME, AE na BE. Katika KJSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025 na wanafunzi wa Gredi ya 9, kila kiwango kimegawanywa mara mbili, hivyo kila somo lina pointi kuanzia 1 hadi 8.

Jambo kubwa kwa mzazi ni hili: KJSEA yenyewe huchangia asilimia 60 ya matokeo ya mwisho. Asilimia 20 hutoka kwa tathmini ya Gredi ya 6, KPSEA, na asilimia 20 nyingine kwa tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Kusubiri muhula wa mwisho wa Gredi ya 9 ndipo umtafutie mtoto mwalimu wa tuisheni ni kuchelewa, kwa maana asilimia 40 ya matokeo yake imekwisha kuandikwa.

6. Ni nini huinua matokeo?

Mengi yamejaribiwa hapa magharibi mwa Kenya, na matokeo yake yanajulikana duniani.

Katika miaka ya tisini, shule za Busia ziligawiwa vitabu vya kiada na watafiti wakafuatilia alama. Kwa jumla alama hazikupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari mbele darasani. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na wengi wa wengine hawakuweza kuvisoma wakavielewa.

Baadaye, katika eneo hilohilo, walimu waliahidiwa zawadi iwapo alama za shule zingepanda. Alama zilipanda katika mitihani iliyohusishwa na zawadi. Lakini walimu hawakuhudhuria darasani zaidi ya awali wala hawakutoa kazi zaidi ya nyumbani. Walichoongeza ni vipindi vya kujiandaa kwa mtihani, na zawadi zilipokoma, faida haikudumu.

Mwaka wa 2005 ulianza utafiti mwingine katika shule 121 za msingi za magharibi mwa Kenya. Katika takriban nusu ya shule hizo, darasa la kwanza liligawanywa kulingana na kiwango cha watoto, ili mwalimu afundishe kuanzia pale walipo. Watoto wa kundi la juu na wa kundi la chini wote walifaidika. Michael Kremer na Esther Duflo, walioshiriki katika utafiti huo, walituzwa Nobeli ya Uchumi mwaka wa 2019 pamoja na Abhijit Banerjee, kwa kazi ya aina hii ya kupima kinachopunguza umaskini.

Funzo ni kwamba mtoto husonga anapofundishwa kuanzia pale alipo. Na huwezi kujua alipo bila kumpima mapema, mara kwa mara, bila kumwaibisha.

7. Pima nyumbani kwa dakika tano

Huhitaji kusubiri mtihani wa kitaifa. Tangu mwaka wa 2009, Uwezo, na baadaye Usawa Agenda, wamepima usomaji wa watoto majumbani kwa njia ambayo mzazi yeyote anaweza kuiga. Chukua kitabu cha Kiswahili cha Gredi ya 2.

Kwanza, mwonyeshe mtoto herufi kadhaa azitaje. Akiweza, mpe maneno mafupi. Akiweza, mpe aya. Akiweza, mpe hadithi nzima. Pale anapokwama ndipo alipo, hata kama yuko Gredi ya 5.

Pili, tazama saa. Kigezo kilichowekwa nchini kwa watoto wa darasa la pili, na kutumiwa katika mpango wa Tusome, ni maneno 45 sahihi kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Anayesoma polepole mno husahau mwanzo wa sentensi kabla ya kufika mwisho.

Tatu, funga kitabu umwambie akusimulie kwa Ekegusii alichosoma. Mtoto anaweza kutamka kila neno na asielewe lolote. Akisimulia vizuri kwa lugha ya nyumbani, ameelewa.

Peleka ulichogundua kwa mwalimu wa darasa. Usimchape mtoto kwa matokeo ya kipimo hiki, maana kesho hatakubali tena kukusomea.

8. Maswali ya kuuliza siku ya wazazi

Wanafunzi wa darasa hili waliingia na kiwango gani? Wangapi walianza, wangapi wamebaki, na waliotoka wako wapi? Walio chini ya matarajio wanasaidiwa vipi, na lini? Mtoto wangu amesonga kiasi gani tangu muhula uliopita?

Usiporidhika na majibu kuhusu shule ya msingi au ya sekondari, fika katika ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kwa sababu shule hizo ziko chini ya serikali ya kitaifa. Elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Maswali kuhusu hayo yapeleke kwa ofisi za idara ya elimu ya kaunti au kwa msimamizi wa wadi yako, uwe Majoge Basi, Boochi/Tendere au Bosoti/Sengera.

Zoezi

Shule moja ilikuwa na watahiniwa 60 na jumla ya pointi 330. Mwaka uliofuata, kidato cha tatu kilichokuwa na wanafunzi 64 kilitoa watahiniwa 50 waliopata jumla ya pointi 300. Je, shule imepanda? Na kama wale 14 wangefanya mtihani na kila mmoja apate pointi 3, wastani ungekuwa ngapi?

Jibu: Kwenye karatasi imepanda, kutoka 5.5 hadi 6.0. Ukiwarudisha wale 14, pointi zinakuwa 342 kwa wanafunzi 64, yaani takriban 5.3. Shule imeshuka. Mkulima wa chai akiambiwa kituo kimepata kilo nyingi, bado hutazama risiti yake aone kilo zake. Mzazi naye, baada ya kusikia wastani wa shule, aulize habari za mtoto wake, na za wale 14.