Plagini mia tatu, biti haiishi

Swali: Kaka, nina plagini zaidi ya 300 kwenye FL Studio. Nikikaa kutengeneza biti, saa nzima naishia kuchagua. Nifute zipi?

Jibu: Usifute kitu kwanza, mdogo wangu. Fungua kazi zako tano za mwisho, uandike plagini ulizotumia kweli. Hizo zipe alama ya nyota, ufanye kazi nazo tu mwezi mzima. Kwa sauti ya mwimbaji, Fruity Parametric EQ 2 iliyokuja na programu yenyewe inatosha kabisa: kata mvumo ulio chini ya hezi 80, usikie maneno yanavyofunguka. Kabla ya kuondoa zilizobaki, toa kila ala ya nyimbo za wateja kama faili ya WAV. Ukifuta plagini ya kinanda, siku mteja akirudi kinanda chake kitakuwa kimya.