Ushauri wa Shangazi: Mwaka wa tatu, Dodoma haijaniingia moyoni

Shangazi, nina miaka 36, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Huu ni mwaka wa tatu tangu mume wangu ahamishiwe Dodoma kikazi. Nilifunga duka langu la kanga na vitenge, tukamfuata mimi na watoto watatu. Nimejitahidi, lakini mji huu haujaniingia moyoni. Upepo na vumbi haviishi, maji yana chumvi hadi birika linaota ukoko, na majirani kila mmoja na geti lake. Baba watoto hutoka alfajiri kwenda ofisini Mtumba, anarudi usiku. Kila likizo, Juni na Desemba, nabeba watoto tunakwenda Tanga. Safari iliyopita mama alimuuliza mwanangu wa mwisho, mwenye miaka saba, kwao ni wapi. Akajibu, "Dodoma." Mama akaniambia mkataa kwao mtumwa. Nililia usiku kucha. Je, nirudi Tanga na watoto, mume wangu abaki na kazi yake?
Mama wa watatu, Dodoma

Mwanangu, nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo zito. Usirudi, angalau si kwa sababu ulizonitajia. Zipo ndoa ambazo mume yuko huku na mke kule kwa kulazimishwa na kazi, na wenyewe wanajua zinavyowagharimu. Wewe hujalazimishwa na kitu. Ukiondoka, watoto watamkosa hata yule baba wanayemwona usiku, na huyo mdogo utamng'oa kwenye mji ambao keshauita kwao.

Naye mtoto hakumkosea bibi yake. Alifika Dodoma akiwa na miaka minne. Shule yake iko hapo, na marafiki zake wako hapo. Mkataa kwao ni yule anayeona haya kutaja alikotoka. Mtoto anayelala kwa bibi yake mara mbili kwa mwaka hajakataa kitu. Mweleze mama yako hivyo, kwa upole, na uache kulia.

Sasa tuje kwako. Nimeisoma barua yako nikitafuta humo mtu mmoja wa Dodoma, sikumwona. Upo upepo, yapo maji, yapo mageti. Hayupo muuza mboga wako, hayupo mama mnayekutana naye kwenye vikao vya wazazi shuleni. Ngamiani ukipita barabarani watu wanakuita kwa jina la mama yako, na usipoonekana kwenye shughuli unaulizwa uko wapi. Hicho ndicho unachokikosa, kuliko hata bahari. Dodoma hakuna anayekuuliza kwa sababu hakuna aliyekuhesabu bado, na hawawezi kukuhesabu ikiwa kila shule zinapofungwa wewe uko kwenye basi la Tanga.

Hayo mageti yasikutishe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, ukasuasua zaidi ya miaka arobaini, hadi mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba safari hii serikali inahama kweli. Sensa ya 2012 ilikuta watu kama 410,000 mjini hapo. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Kwa hiyo nyuma ya mageti hayo wengi ni wageni kama wewe, wametoka Bukoba, Mbeya, Lindi, na kila mmoja anasubiri mwenzake aanze kubisha hodi. Anza wewe. Mwanamke wa Tanga hahitaji kufundishwa namna ya kupeleka sahani ya visheti kwa jirani. Sahani hairudi tupu, na hapo mazungumzo yameanza. Kukiwa na msiba mtaani, nenda hata kama humjui marehemu. Kaa na wenzako jikoni, menya viazi, toa rambirambi yako. Wakianzisha kikoba, ingia.

Na wenyeji usiwasahau. Nenda soko la Majengo asubuhi, watu wakiwa hawajawa wengi, umtafute mama anayeuza mlenda mkavu uliosagwa. Msalimie "mbukwenyi", kisha umuombe akuelekeze kuupika. Atakueleza habari ya magadi, ya kunyunyiza unga wa mlenda kidogo kidogo huku unakoroga ili usifanye mabonge, ya karanga zilizosagwa za kumalizia. Kitoweo hicho na ugali wa uwele ndicho chakula cha Wagogo, watu ambao mji huu ulikuwa wao kabla ya wizara kufika. Ukirudi wiki ijayo kumpa habari ya sufuria yako, umeshapata mtu wa kukuuliza habari zako. Hamu ya samaki ikikushika, wapo wa bwawa la Mtera. Si changu wala kolekole, lakini wana utamu wao.

Hiyo Desemba ndiyo inayoniuma zaidi. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, na kwa kawaida Desemba ndipo unapoanza kushika. Kila mwenye kipande cha ardhi yuko na jembe, ile nchi kavu unayoilaumu inageuka kijani. Wewe unarudi Januari kukuta wenzako wameshapanda. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanangu, wewe ni mwaka wa tatu. Tanga nenda Juni, ambapo hata huo upepo wa Dodoma unakera kweli. Desemba hii baki. Weka pipa, ukinge maji ya mvua kwa ajili ya chai, maana hayana chumvi. Panda mwarobaini upande unakotoka upepo. Uani chomeka vipando vya mzabibu na uvijengee kichanja; Dodoma ndiyo nchi ya zabibu, na mzabibu uliotunzwa huvunwa mara mbili kwa mwaka. Watoto wako wapate cha kuwapelekea binamu zao wa Tanga.

Nimebakiza jambo ambalo kwenye barua umelipita haraka: duka. Kwangu mimi ndilo kubwa kuliko vumbi. Tanga ulikuwa na wateja, ulikuwa na fedha yako, asubuhi ulikuwa na pa kwenda. Mume wako alihama na kazi yake. Ya kwako iliachwa nyuma, na sioni popote kwamba kuna aliyekuuliza utafanya nini. Hilo si haki, na linatosha kumfanya mtu achukie mji wowote. Dodoma ni mji wa watumishi, harusi na sherehe za kuaga mabinti haziishi, na sare za vitenge zinatafutwa. Macho ya kuchagua kanga unayo. Anzia nyumbani kwa mzigo mdogo, uwauzie wanakikoba, uone. Mtaji utoke kwenye mfuko wa nyumba, wala usiuombe kama msaada. Duka lilifungwa kwa ajili ya uhamisho wa baba watoto, kwa hiyo nyumba haikudai, wewe ndiye unayeidai nyumba.

Mpe mume wako aisome barua hii Jumapili, akiwa ametulia, kisha mkae mpange hesabu ya huo mtaji kabla ya Desemba.