Teke la Bunduki na Risasi za Kujaziwa: Somo kwa Mwindaji wa Mara ya Kwanza

Kijana anayekwenda kuwinda kwa mara ya kwanza huwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kumkosa mnyama. Ya pili, ambayo wengi huona haya kuitamka, ni teke la bunduki, yaani ule msukumo wa kurudi nyuma unaolipiga bega mara risasi itokapo. Hofu hii ya pili ndiyo huizaa ile ya kwanza. Anayelitarajia teke hufumba macho, hukaza shingo na kuuyumbisha mtutu kabla risasi haijatoka. Hapo mnyama anaweza kukoswa kabisa, na hiyo ni nafuu. Jambo baya zaidi ni swala pala aliyepigwa tumboni, akakimbilia kichakani na kufa polepole mahali ambapo hakuna atakayemfikia.

Kabla ya kuendelea, ieleweke kwamba kijana tunayemzungumzia hapa ni mtu mzima mwenye leseni ya silaha kwa jina lake mwenyewe, pamoja na kibali cha kuwinda kilichotolewa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Leseni ya baba au ya mjomba haimpi mwana wala mpwa haki ya kuibeba bunduki hiyo.

Ushauri wa mjomba

Miongoni mwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba ana sauti kubwa katika malezi ya wapwa wake. Si ajabu basi kwamba mwenye bega linalouma huenda kwake kwanza. Tuchukue mfano.

"Shikamoo, mjomba. Bunduki niliyonunua inaniumiza sana bega."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona hilo dogo? Punguza baruti."

Mjomba huyu hasemi upuuzi. Anasema analolijua, na analolijua ni gobore. Gobore hujazwa kupitia mdomoni. Baruti nyeusi humiminwa, hufuatiwa na kitambaa au nyuzi, kisha marisau, na vyote hushindiliwa kwa ufito hadi visiache nafasi tupu kati yake. Ukipunguza baruti, ufito huingia ndani zaidi na kila kitu hukaa kimeshikamana kama mwanzo. Nguvu hupungua na teke hupungua. Kwa hiyo kanuni ya mjomba ilithibitika mbele ya macho yake.

Risasi ya raifoli haifuati kanuni hiyo. Ndani ya ganda lake la shaba nyeupe au ya manjano mna baruti isiyo na moshi mwingi, ambayo kasi ya kuungua kwake hubadilika kadiri mgandamizo unavyopanda. Ganda lina ukubwa mmoja, halibonyezwi kwa ufito. Ukiipunguza baruti, inabaki nafasi tupu, na punje hulala ubavuni mwa ganda badala ya kulijaza. Fataki ikiwaka, moto unaweza kupita juu ya punje zote kwa mara moja badala ya kuziunguza kutoka nyuma kwenda mbele. Kwa baadhi ya baruti za kuungua polepole, jambo hili limewahi kuzaa mgandamizo mkubwa kuliko ule wa risasi kamili. Mtu anayetafuta teke dogo akapasukiwa na bunduki usoni huona kama uchawi, ilhali ni ganda lililoachwa na nafasi.

Hatari nyingine ni ya kimya zaidi. Baruti ikiwa kidogo mno, kichwa cha risasi huweza kusukumwa hadi katikati ya mtutu kikakwama humo. Mwindaji husikia mlio hafifu, hudhani risasi imeharibika, huweka nyingine na kufyatua. Risasi ya pili huikuta ya kwanza njiani. Mtutu huvimba au hupasuka, na mkono wa kushoto, ule unaoushika mtutu kwa chini, ndio ulio karibu nao.

Vijana huonyesha katika simu zao video za Marekani, ambako watu hujaza risasi zao wenyewe ili watoto wao waweze kuwinda kulungu wa huko bila kuumia. Ni kweli hufanya hivyo. Lakini hutumia baruti ya aina inayojulikana, mizani ya kupima sehemu ndogo sana za gramu, na majedwali yaliyotolewa na watengenezaji wa baruti baada ya kupima mgandamizo maabara. Tena viwanda vya huko huuza risasi za teke dogo zikiwa tayari katika boksi. Kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila kibali. Wakazi wa Morogoro, walio jirani na Shirika la Mzinga, wanafahamu vyema kwamba risasi ni kazi ya kiwanda chenye ulinzi na vipimo, si kazi ya uani.

Risasi "laini" ya mkononi

Msamvu ni njia panda. Mabasi yaendayo Dar es Salaam, Dodoma na Iringa hupita hapo, na bidhaa nyingi hubadilisha mikono bila karatasi. Ukinong'onezwa na mtu yeyote, stendi au kwingineko, kwamba anazo risasi "laini" za bei nafuu kwa mwindaji mgeni, usinunue hata moja kwa ajili ya kujaribu. Hakuna mtu awezaye kujua kwa kulitazama ganda kwa nje lina baruti kiasi gani.

Risasi halali huuzwa na muuzaji mwenye leseni, ambaye atataka kuiona leseni yako kabla ya kutoa boksi. Asiyeitaka amekwisha kujieleza. Boksi liwe limefungwa, lenye jina la mtengenezaji na namba ya toleo. Lifungue mbele yake. Maandishi yaliyogongwa kwenye kitako cha kila ganda yafanane; magandа yenye majina tofauti ndani ya boksi moja yameokotwa. Tazama pia mikwaruzo ubavuni, fataki yenye rangi au kimo tofauti na wenzake, na kichwa kinachozunguka ukikishika kwa vidole. Dai risiti ya EFD. Risiti hiyo ndiyo itakayokusaidia ukihitaji kulalamika, nayo pia huonyesha polisi mahali ulipozipata.

Kulipunguza teke bila kuigusa baruti

Teke hutokana na mambo manne: uzito wa kichwa cha risasi, kasi yake, uzito wa baruti, na uzito wa bunduki yenyewe. Mwindaji anaweza kuyabadilisha yote manne dukani, kwa kuchagua bunduki inayomfaa.

Raifoli ya .375 yenye uzito wa kilo 4 humpiga mtu kwa nguvu inayokaribia ile ya mfuko wa kilo 5 ulioangushwa kutoka kimo cha mita 1. Raifoli ya .243 yenye kilo 3 na nusu hupiga kwa takribani robo ya nguvu hiyo. Tofauti ni kubwa, na bado ile ndogo inamtosha swala pala au tohe ikiwekwa mahali pake nyuma ya bega la mnyama. Ile .375 ni ya nyati. Kumnunulia mgeni bunduki ya nyati "ili akue nayo" ni kosa tunalolisikia mara nyingi mno, na kwa kawaida anayelishauri si atakayeifyatua. Shotigani nayo isidharauliwe: ya namba 12 yenye marisau ya gramu 32 hupiga kwa nguvu inayozidi nusu ya ile ya .375. Vyovyote utakavyochagua, iulize kwanza ofisi ya wanyamapori kipenyo kinachoruhusiwa kwa mnyama aliyeandikwa katika kibali chako.

Usivutiwe na bunduki nyepesi kupita kiasi. Itakufurahisha wakati wa kutembea na kukuadhibu wakati wa kufyatua. Kitako kiwe na mpira nyuma, na urefu wake ulingane na mkono wako. Kirefu mno hutua kwenye mfupa wa mkono badala ya kwenye bonde la bega. Bunduki ibanwe begani. Ikiachiwa nafasi hata ya kidole kimoja, hupata mwendo kwanza ndipo ipige. Jicho likae umbali wa sentimita 8 au zaidi kutoka kwenye darubini, maana wengi wamepasuka nyusi kwa kuisogelea.

Vaa vizuia sauti masikioni unapofanya mazoezi. Mlio wa raifoli huweza kufikia desibeli 160, na mara moja inatosha kuliumiza sikio. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya kile ambacho mgeni hukiita teke ni kishindo. Mwandishi wa somo hili alifyatua mara ya kwanza bila kuziba masikio, akaapa kwamba bega limevunjika. Wiki iliyofuata, bunduki ileile, masikio yakiwa yamezibwa, bega halikuwa na la kusema.

Anza mazoezi kwa raifoli ya .22, ambayo karibu haina teke, kisha panda. Katika uwanja wa mazoezi, risasi kumi za bunduki kubwa kwa siku zinatosha. Mwombe mwalimu akuchanganyie risasi tupu za mazoezi bila kukuambia ni ipi. Ukifyatua iliyo tupu na mtutu ukaruka, umejua kwamba aliyeruka ni wewe.

Na siku yoyote utakaposikia mlio hafifu kuliko kawaida, au kifyatulio kikavutwa pasiwe na mlio, usiongeze risasi. Elekeza mtutu mahali salama, subiri walau dakika moja, toa ganda, kisha hakikisha kutoka upande wa nyuma, bunduki ikiwa imefunguliwa na haina risasi, kwamba mwanga unapita hadi mwisho wa mtutu. Usipopita, uwindaji wa siku hiyo umekwisha. Peleka bunduki kwa fundi mwenye leseni, na mabaki ya boksi uyarudishe kwa muuzaji pamoja na risiti.