Dondoo muhimu: Mahali pa kufunga dishi Ruashi

Ruashi iko kusini mwa ikweta, hivyo dishi hutazama kaskazini. La Canal+, linalofuata setilaiti ya nyuzi 16 Mashariki, lielekezeni kaskazini-magharibi. Mawimbi hushuka kwa nyuzi 71 hivi, karibu utosini, kwa hiyo nyumba ya jirani haizuii kitu. Adui ni mwembe ulioinamia paa: mti unaolipita dishi kwa mita 6 huziba ukiwa ndani ya mita 2 upande wa kaskazini-magharibi.

Msilifunge kwenye mabati. Upepo wa masika huyatikisa, na tundu za misumari huvuja. Ukuta wa matofali ni bora, au nguzo ya chuma iliyosimikwa kwa saruji uani, mbali kabisa na nyaya za umeme za SNEL. Mawingu yakikusanyika, chomoeni kebo mapema, kabla ya radi.