SOMO LETU: AKINA MAMA WA SOKO LA WAJIR



Hebu fikiri umekwenda sokoni. Kikapu unacho na fedha unazo. Lakini kabla ya kupimiwa maziwa unatazamwa kwanza: wewe ni wa ukoo gani? Kama si wa ukoo wa muuzaji, huuziwi. Ukibisha, ugomvi. Ndivyo lilivyokuwa soko la mji wa Wajir mwaka 1993.

Wajir iko kaskazini mashariki ya Kenya, karibu na Somalia. Ni nchi kavu. Wenyeji wengi ni Wasomali, wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Tangu mwaka 1963 mpaka 1991 watu hao walitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari. Mwaka 1984 askari wa serikali waliwaua wanaume wengi katika kiwanja cha ndege cha Wagalla. Basi usishangae kwamba raia hawakukimbilia serikali kuomba msaada.

Halafu shida zikaja pamoja. Ukame uliua mifugo. Serikali ya Somalia ilianguka mwaka 1991, na bunduki zikavuka mpaka. Mwaka 1992 ulifanyika uchaguzi wa vyama vingi, koo zikagombania viti vya Bunge. Kura ni karatasi tu, lakini watu waliuana kwa ajili yake.

Katika mji huo alikuwepo mama mmoja, Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa mwaka 1964. Usiku risasi zilipolia alijificha chini ya kitanda na binti yake mdogo. Mama yake akamkumbusha kwamba zamani naye alimficha yeye vivyo hivyo. Dekha akajiuliza: na huyu mtoto naye aje kumficha wa kwake?

Akakutana na wanawake wenzake wachache kutoka koo mbalimbali. Hawakuanza na hotuba. Walianza na soko. Walikubaliana kwamba mama yeyote, wa ukoo wowote, aweze kuuza na kununua bila kuguswa. Wakaweka wanawake wa kuangalia soko. Ugomvi ukitokea, walikwenda pale pale kuutatua. Soko likatulia.

Lakini soko sio malisho. Huko porini vita viliendelea, na neno la vita lilikuwa la wazee. Hapa akina mama walitumia akili. Kama mzee wa ukoo mkubwa angeitisha mkutano, wengine wangesema anautetea ukoo wake. Kwa hiyo wakamtafuta mzee wa ukoo mdogo kabisa, ambao hakuna aliyeuogopa. Huyo ndiye aliyewauliza wakubwa: tunapigania nini, na nani anafaidi? Mwezi wa Septemba 1993 wazee wa koo walitia sahihi mapatano yanayoitwa Al Fatah.

Mimi nimekaa katika mikutano mingi ya vijiji. Mapatano huandikwa vizuri, kisha karatasi inafungiwa kabatini. Wajir hawakufanya hivyo. Waliwafuata vijana wenye bunduki, wakasikia kwamba shida yao kubwa ni kukosa kazi. Wakawaendea wafanyabiashara wasaidie. Mwaka 1995 wote hao, pamoja na maofisa wa serikali, walikaa katika kamati moja ya amani na maendeleo ya wilaya. Mifugo ikiibwa au mtu akiuawa, wajumbe wa koo mbalimbali walipanda gari mara moja kwenda huko kabla ya watu kulipiza kisasi. Wilaya nyingine za Kenya ziliiga kamati hizo.

Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood huko Sweden. Alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya gari.

Je, vita viliisha kabisa? La. Mwaka 2013 na 2014 koo mbili zilipigana tena upande wa mpaka wa Wajir na Mandera. Watu wengi waliuawa na wengine walihama makwao. Tena siku hizi katika sehemu hizo wazee hukaa kabla ya uchaguzi na kugawana viti kwa koo. Wengine wanasema hivyo ndivyo damu haimwagiki. Wengine, hasa wanawake na vijana, wanauliza: mbona sisi hatukuitwa?

JADILINI KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Kwa nini akina mama walianza na soko?

2. Katika mikutano ya kijiji chenu, nani huwa hasikilizwi?

3. Wazee wakigawana viti kabla ya kura, mpiga kura amebakiwa na nini?